Chupa Tatu za Mama Maabara

Hakuwa mwalimu, na ukimwita mwalimu alikusahihisha papo hapo. "Mwalimu ni yule anayeandika ubaoni," alisema. "Mimi ni yule anayeosha alichokichafua mwalimu." Alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari niliyopangiwa mwaka 2012, huko Kasulu, na shule nzima, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi wa getini, ilimwita Mama Maabara. Nilifanya naye kazi kwa karibu miaka mitatu. Namkumbuka kwa mengi yanayochekesha, nami nitayaeleza, lakini nisikufiche: kila nikimkumbuka, kabla ya kicheko huja mshtuko, ule wa mtu aliyeshika sufuria kwa mikono miwili akidhani imepoa.

Siku yangu ya kwanza alinipitisha stoo. "Hii inaunguza," alisema akigusa chupa moja. "Hii inanuka. Hii inaua. Na hii," akaligonga dumu la maji kwa ncha ya kiatu, "ndiyo inayoisha."

Vitu vingine vyote alijua kuvitengeneza. Karatasi za kupimia asidi zilipokwisha, alichemsha maua ya rozela, akalowesha karatasi nyeupe kwenye maji yake mekundu, akazikausha kwenye kamba kama nguo za mtoto. Vigoda vya kushikilia chupa juu ya moto alivikunja kutokana na spoku za baiskeli. Moto wenyewe ulikuwa wa jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, naye alilijua jiko lile kama dereva anavyolijua gari lake bovu. Kila chupa aliichorea picha, kwa sababu wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa hawajakizoea Kiingereza: mkono uliokatwa mstari, jicho lililofungwa, na kwenye chupa ya asidi kali kabisa, jeneza dogo lenye msalaba.

"Mama, jeneza si kali mno?" nilimuuliza.

"Nilianza na fuvu. Wakaona ni nembo ya bendi ya muziki."

Alikuwa na sheria moja kuu: humo ndani hakionjwi kitu. Mwanafunzi aliyeweka kalamu mdomoni alitolewa nje hadi kipindi kiishe. Lakini akivuka mlango tu, yeye mwenyewe alionja kila kitu: mboga za wapishi wa shule, asali iliyoletwa kuuzwa kwa walimu, hata udongo wa kilimani ambao wajawazito huutafuna. Pua yake nayo ilikuwa na sifa mjini. Inasemekana aliwahi kumsubiri padri nje ya kanisa baada ya misa na kumnong'oneza, "Baba, kile kikombe cha leo kilikuwa siki." Padri akaenda kuangalia. Ilikuwa siki kweli.

Lakini pua ile ilikuwa na tundu moja. Harufu ya sianidi, ile sumu ya muhogo mchungu, ambayo wengine wetu huisikia kama uchungu mwembamba unaokwaruza pua, yeye hakuisikia hata kidogo. Wapo watu wa namna hiyo, wamezaliwa hivyo, wala si ugonjwa. Mtafiti mmoja wa kilimo, aliyepita shuleni kupima mihogo ya wilaya ile kabla mimi sijafika, ndiye aliyeligundua jambo hilo, na alipoondoka akamwachia chupa ya dawa ya njano na kumwonyesha namna ya kutengeneza karatasi za kupimia. Unalowesha kipande cha karatasi kwenye dawa, unakikausha, unakining'iniza ndani ya chupa yenye muhogo uliopondwa, unafunga kizibo. Ukiikuta kesho yake bado ni ya njano, hakuna sianidi iliyotoka. Ikiwa imegeuka kahawia, ipo. Kwa kuwa pua yake ilimwangusha katika jambo hili moja, karatasi ile aliiamini kuliko alivyoniamini mimi na shahada yangu.

Na aliamini moto. "Moto haudanganyi," alisema kila siku. Alichemsha vijiko, alichemsha vitambaa, alichemsha maji ya kunywa mpaka robo ipotee. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Kitahana, katikati ya mashamba ya muhogo, angetarajiwa apende ugali wa kivunde, yaani muhogo uliolowekwa kwenye maji siku tatu nne mpaka ukalainika na kuchachuka, kisha ukaanikwa na kusagwa. Yeye hakutaka hata kuusikia. "Nyumba inanuka soksi za kidato cha kwanza," alisema. Kwake muhogo mchungu ulimenywa, ukakatwa vipande, ukachemshwa kwa maji kidogo, ukaanikwa, ukasagwa. Unga mweupe, usio na harufu. Na alikuwa ameupima. Alikuwa ameupima mara nyingi, kwa karatasi zake, na kila mara karatasi ilibaki njano kama kiini cha yai.

Mtafiti yule alimwachia pia kijitabu cha Kiingereza kuhusu sumu ya muhogo. Kiingereza cha Mama Maabara kilikuwa cha kwenye lebo za chupa, kwa hiyo mwaka 2013 aliniomba nimsomee. Tulikaa kwenye meza ya maabara baada ya vipindi, yeye akisugua mirija ya kioo, mimi nikisoma na kutafsiri.

Kijitabu kilianza na historia. Kitu kile chenye sianidi ndani ya muhogo kinaitwa linamarini, na jambo la ajabu ni kwamba jina hilo halikutoka kwenye muhogo. Wataalamu wa Ulaya walikitoa kwanza kwenye kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo, wakakipa jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kilatini, moja la kitani na jingine la uchungu. Wengine wakakikuta kwenye aina fulani ya maharage, nao bila kujua wakakiita kwa jina la maharage. Walioshughulika na muhogo walikuwa na jina lao pia. Ikachukua muda kabla watu hawajaweka matokeo yao pamoja na kuona kwamba wote walikuwa wameshika kitu kilekile.

Mama Maabara alicheka mpaka akaweka mrija chini. "Mtu mmoja, majina matatu! Huyo alikuwa anakimbia polisi."

"Hata wao walishangaa."

"Na walimkamata kwenye nguo, wakati sisi tunamla mchana na jioni. Haya, endelea."

Nikafungua mbele. Sura iliyofuata ilikuwa na vichwa vidogo kuhusu kumenya, kuloweka, kutwanga, kuchemsha. Nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha na nilikuwa na njaa.

"Huko mbele ni mapishi tu," nikasema.

"Mapishi nayajua," akasema.

Nikakifunga kijitabu. Kurasa zilizobaki hazikufika kumi.

Lazima niseme pia habari ya huruma yake, maana bila hiyo utamwona kama mtu wa majivuno tu, na hakuwa hivyo. Mwanafunzi akiungua kidole, alimfunga kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwani, akarudi nyumbani kichwa wazi. Kila likizo alikwenda kwao Kitahana na begi la vitu vya watu: miwani ya mzee fulani, dawa za minyoo, mbegu. Huko alikuwa na jirani, mama kijana mwenye watoto wanne, aliyemwita dada. Huyu nitamwita Mama Devota, kwa jina la binti yake wa kwanza. Nyumba zao ziko juu mlimani, na chemchemi iko chini bondeni. Kuloweka muhogo wa familia kulimaanisha madumu sita, saba, ya kupanda nayo kichwani. Mama Maabara alimwona akipanda hivyo akiwa na mimba, akamwambia, "Acha kujitesa. Chemsha. Nimepima mwenyewe."

Mama Devota alisita. Muhogo wa kule ni mchungu hasa. Wanaupanda kwa sababu nguruwe pori hawaugusi. "Dada, kweli nisivundike kabisa?"

"Moto unatosha."

Likizo iliyofuata akamuuliza tena, na tena akajibiwa hivyohivyo. Basi habari ikaenda nyumba kwa nyumba pale mlimani. Mwanamke aliyebaki na desturi ya kuvundika alikuwa mmoja, mjane mzee aliyekaa chini karibu na chemchemi. Walimwita Bibi wa Bondeni.

Mwaka 2014 mvua zilikatika mapema upande ule, maharage yakakauka yakiwa bado na maua. Kwa majuma mengi watu wa mlimani walikula muhogo kwa majani ya muhogo. Siku moja ya kiangazi Devota, akiwa na miaka tisa, alirudi kutoka kuokota kuni, akautua mzigo, akakaa. Alipotaka kusimama, miguu ilitetemeka, ikakaza kama imefungwa mbao, akaanguka mbele. Hakuwa na homa. Hakuumia popote. Asubuhi alikuwa ameruka kamba.

Kabla ya juma kwisha, mtoto wa nyumba nyingine akaanguka vilevile.

Mama Maabara alipopigiwa simu alituma nauli siku hiyohiyo. Baba yake Devota akamleta binti kwa basi mpaka Kasulu, akiwa amembeba mgongoni kama mtoto mchanga, na tukaenda nao hospitali ya Kabanga. Daktari alimgonga magoti, akamtazama namna vidole vya miguu vilivyojikunja, kisha akauliza swali moja tu: "Mnakula nini nyumbani?"

Alipoambiwa, aliuita ugonjwa huo konzo. Akaeleza kwa upole kwamba unatokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, kwamba hauendelei kuwa mbaya zaidi ukiacha kuula, lakini kilichokwisha kuharibika hakirudi.

"Daktari, haiwezekani," Mama Maabara alisema. "Unga huo tumeupima."

"Mliupimaje?"

Akamweleza. Daktari alikunja uso. Alisema yeye si mtu wa kemia, alichojua ni miguu ya yule mtoto.

Nikiwa nimesimama pale korido, nilikumbuka kijitabu.

Nilikwenda moja kwa moja stoo, nikafungua sura niliyoiita mapishi, na nikaisoma nikiwa nimesimama. Ngoja nikueleze kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu miaka yote iliyofuata, taratibu, maana si jambo gumu. Linamarini ikitengwa peke yake haina rangi, ni chungu, na huyeyuka vizuri kwenye maji. Umbile lake ni sukari iliyofungwa fundo moja na kipande kinachobeba sianidi. Ikiwa imefungwa hivyo, imetulia kabisa. Ndani ya muhogo huohuo, lakini katika chumba kingine, kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kulifungua fundo hilo. Muhogo ukiwa mzima ardhini, viwili hivi havikutani. Mnyama akiung'ata, kuta zinabomoka, vinakutana, fundo linafunguka: sukari inabaki, inatoka asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, na inatoka sianidi, ambayo huruka kama mvuke. Ndivyo muhogo unavyojilinda.

Ndivyo pia kuvundika kunavyofanya kazi. Maji na vijidudu vinalainisha muhogo, kuta zinabomoka, kimeng'enya kinafungua mafundo yote, sumu inatoka, siku baada ya siku. Harufu ile mbaya ni ya kazi inayofanyika.

Sasa chemsha muhogo huo. Kimeng'enya hakistahimili maji yanayochemka, kinakufa upesi. Linamarini inastahimili. Fundo linabaki limefungwa. Na karatasi ya njano haipimi fundo. Inapima sianidi iliyokwisha kutoka. Chupa yenye muhogo uliochemshwa haitoi kitu, karatasi inabaki njano, na sumu yote imekaa humo kimya.

Nilimsomea Mama Maabara, neno kwa neno. Hakunikatiza. Nilipomaliza, alinyoosha mkono.

"Nenda nyuma ya jiko la shule uniletee jani bichi la muhogo."

"La nini, Mama?"

"Kama moto umekiua kimeng'enya, jani bichi bado linacho. Tutakirudisha."

 Kwenye kijitabu njia hiyo ilikuwepo, lakini kwenye ukurasa nilioufikia baadaye. Yeye aliifikia mwenyewe, amesimama, mikono mifukoni mwa koti jeupe. Alitwanga jani, akakamua maji yake ya kijani. Akaandaa chupa tatu. Ya kwanza, unga ambao baba yake Devota alikuja nao kutoka nyumbani, na maji safi. Ya pili, unga uleule na matone ya jani. Ya tatu, matone ya jani peke yake.

"Hii ya tatu ya nini?" niliuliza, mimi mwenye shahada.

"Jani nalo lina sumu yake. Tusije tukalisingizia unga."

Kesho yake tulizifungua pamoja. Ya kwanza, njano. Ya tatu, rangi ya chungwa hafifu. Ya pili ilikuwa kahawia iliyokolea, kama kahawa iliyopikwa ikasahaulika.

 Mama Maabara aliitazama, halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza, nami nikaelewa kwamba anahesabu nyumba. Vidole vya mikono yote miwili vilikwisha akaanza tena.

Mchana ule ilikuja simu nyingine kutoka Kitahana, ya balozi wa nyumba kumi. Baba yake Devota alikuwa amerudi nyumbani na binti yake na kukuta watu wameshapata maelezo yao. Watoto wawili wameanguka mlimani, na katika nyumba ya Bibi wa Bondeni, ambako wajukuu watano wanakula muhogo kama kila mtu, hakuna hata mmoja aliyejikwaa. Kwa nini kwake hakuna? Vijana walikuwa wameshafyeka migomba yake. Jumapili baada ya ibada kungekuwa na kikao, na kila mtu alijua kitakachoamuliwa: ahame, kama hatafanyiwa jambo lingine.

Hapa ndipo nilipotoa ushauri ambao bado unanichoma. Nilimwambia, "Mama, nenda uwaambie kuna utafiti mpya. Kuchemsha hakufai, warudi kuvundika. Watoto waliobaki wataepuka hilo janga, na wewe hutakuwa umejitia matatani."

"Na yule bibi?"

"Watu wakielewa ni muhogo, watamwacha."

"Mwanangu Mwalimu," alisema, "watu wakisikia utafiti mpya watauliza mwaka jana aliyesema chemsheni alikuwa nani. Nikinyamaza, watajijibu wenyewe kwamba bibi ndiye aliyeuharibu unga. Anahama yule mzee, mimi nabaki mtaalamu."

Tulisafiri Jumamosi. Alipakata kikapu cha chupa tatu tupu, safi, na karatasi zake za njano, kwa barabara yote ya vumbi. Tulipofika hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda kwa balozi. Alimtaka balozi mwenyewe achukue unga kutoka kwenye debe la Mama Devota, mke wa balozi akachume jani, chupa zifungwe na balozi na zilale kwake. "Nisizishike mimi," alisema.

Jumapili uani kwa balozi palijaa. Bibi wa Bondeni alikaa chini kwenye mkeka, peke yake, miguu ameinyoosha, kana kwamba amekuja kuuza kitu. Mama Devota alikaa ng'ambo na binti yake mapajani. Balozi akaziweka chupa mezani. Njano, kahawia, chungwa hafifu. Mama Maabara akaeleza. Alieleza vizuri kuliko mimi: sanduku lililofungwa lenye sumu, na ufunguo uliowekwa chumba cha pili, kuloweka kunabomoa ukuta na ufunguo unafika kwenye sanduku humohumo ndani ya pipa, sumu inatoka kabla hujala, moto unauyeyusha ufunguo, unaliacha sanduku.

Kijana mmoja mwenye kofia ya timu ya mpira akadakia. "Sasa ufunguo ukiyeyuka, si ndiyo vizuri? Sanduku halifunguki tena!"

Watu wakacheka. Lilikuwa swali zuri, na wanafunzi wangu huliuliza hadi leo.

"Tumboni mwako, kaka, mna wadudu wadogo wasioonekana," alijibu. "Wana funguo zao. Wanakufungulia sanduku ndani. Ukiwa umekula maharage au dagaa, mwili una kitu cha kuitulizia ile sumu. Mwaka huu tumekula nini?"



"Karatasi yako juzi ilisema salama," mzee mmoja akasema, "leo inasema sumu. Kesho itasemaje?"

"Karatasi haikusema salama, baba. Karatasi ilibaki njano. Aliyesema salama ni mimi." Akageuka, akamwonyesha Bibi wa Bondeni kwa mkono wote, si kwa kidole. "Kwake hakuna aliyeanguka kwa sababu alikataa kunisikiliza. Mchawi mnayemtafuta ni mimi, ila mimi nilitumia jiko."

"Yoo!" alisema mwanamke mmoja, akajifunika mdomo.

Balozi akamuuliza Bibi kama ana la kusema. Alikohoa. "Mimi habari za masanduku sizijui. Mama yangu alivundika, nami navundika. Kama kuna mtu wa kunirudishia migomba yangu, nyumba yangu anaijua."

Baba yake Devota aliinuka. Nilidhani anamwendea Mama Maabara, na miguu yangu ilikuwa imeshajiandaa. Alikwenda mpaka kwenye mkeka wa Bibi, akachuchumaa, akapiga makofi ya polepole ya kuomba radhi kama wafanyavyo huko mbele ya wakubwa, akabaki ameinamisha kichwa. Bibi alimwacha hivyo muda wa kutosha kabla ya kumjibu kwa "ndiyo" ya Kiha, "Ego. Nimesikia."

Kisha ikasikika sauti ya Mama Devota, ndogo, wala hakuinuka.

"Nilikuuliza mara mbili, dada."

"Uliniuliza," alisema Mama Maabara.

"Mara mbili."

"Ndiyo."

Na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi la wageni, nimevaa shati la kazini, nikijua kwamba kabla ya swali la pili la yule mama kulikuwa na jioni moja Kasulu ambapo kijitabu kilifunguliwa na kufungwa. Mama Maabara hakugeuka kunitazama hata mara moja. Hakunitaja. Na mimi, sikujitaja.

Mwishoni mwa mwaka aliomba kustaafu, akarudi kwao.

Mwaka 2015 ulikuwa na mambo yake. Barabara zetu zilijaa magari yaliyobeba watu waliokuwa wakivuka kutoka Burundi, na basi la Kibondo, la kwenda kwao, lilichukua muda mrefu zaidi. Nilikwenda kumwona mvua za vuli zilipokuwa zimeshika. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimkuta akipanda mlima, anasukuma baiskeli kwenye tope, na juu ya kiti cha nyuma ameketi Devota, fimbo zake mbili zimelazwa kwenye usukani, sare ya shule imejaa matone.

"Mama Mkubwa, kaza!" alikuwa akisema yule binti. "Konokono ametupita."

"Shuka umpande huyo konokono."

"Sina miguu ya kushukia."

Nilishtuka kusikia neno lile likisemwa kwa utani. Wao walicheka wote wawili, wakiwa hawana pumzi. Nikashika baiskeli upande mmoja. Alikuwa akimpeleka shule na kumrudisha kila siku, nikaja kujua, tangu masika.

Tulimfikisha kwao. Mama yake alitoka, akamshusha binti, akachukua fimbo, akaingia ndani. Alinisalimu mimi. Mama Maabara hakupewa salamu, na huko kwao, ambako salamu ya asubuhi peke yake inaweza kuchukua muda wa kuchemsha chai, nilihisi kama nimeona mtu akipigwa.

"Ndivyo tunavyoishi," alisema Mama Maabara tulipofika kwake. "Mwaka sasa. Mtoto ananipa, salamu hanipi."

Nilipoketi nikasema nililokuja nalo. Nilisema kuhusu kijitabu, na jioni ile, na neno mapishi. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja pale uani.

"Wewe ulikuwa unasoma," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kwa watu."

"Lakini ningesoma mbele..."

"Ungesoma. Hukusoma." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosoma lebo. "Sasa unasoma mpaka mwisho?"

"Nasoma mpaka mwisho."

"Basi."

Hapo nikamwona Mama Devota akija kwa njia ya nyuma, na beseni kichwani. Hakupiga hodi. Aliliweka beseni barazani, mbele ya miguu ya Mama Maabara, akarudi nyuma hatua moja, akasimama akitazama mgomba. Ndani ya beseni mlikuwa na vipande vya muhogo vyenye majimaji, vinanuka vikali.

Mama Maabara aliinama. Alichukua kipande cha juu, akakiminya kwa kidole gumba, kikapasuka laini. Akaingiza mkono mpaka chini, akatoa kingine, akakiminya. Akakivunja, akaangalia katikati, palipokuwa bado pagumu na peupe.

"Bado," alisema. "Siku moja tena."

Mama Devota aliinama, akajitwisha beseni lake, akarudi nalo nyumbani kuuloweka tena muhogo.